Vidole vya Hariri

Mimi nina wivu. Naanza na hilo ili mtu asije akasema baadaye kwamba nilificha. Mtaa mzima unajua. Mama mkwe aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba mwanawe hakuoa mke, kaoa mlinzi. Wageni wakacheka, na mimi nikacheka, ila chai sikumwongeza.

Lakini jamani, mngemjua mume wangu mngenielewa. Kwa sura ni mtu wa kawaida tu. Mfupi, kitambi ndiyo kinaanza kuchungulia, na akicheka pengo la jino unaliona. Uzuri wake wote Mungu aliuweka kwenye vidole. Pale anapofanya kazi, mahali pa kuoshea magari nyuma ya kituo cha mafuta, wanamwita Hariri, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Walimpa wenye magari.

Kazi yake hasa si kuosha, ni kulainisha rangi na kuing'arisha kwa mashine ya kupolishi. Kuosha anaosha rafiki yake, shemeji yangu wa hiari, tunamwita Povu. Gari likitoka kwa Povu linang'aa, mwenyewe anaona limetakata, anatafuta funguo aondoke. Hapo ndipo Hariri anapochukua mfuko mwembamba wa plastiki, ule wa mkate, anamvisha mwenye gari mkononi, anamwambia, "Pitisha hapa kwenye boneti, taratibu." Mtu anapitisha, anatoa macho. Rangi ile ile inayong'aa inakwaruza chini ya plastiki utadhani imemwagiwa mchanga. Ni chembe za chuma za breki, ni lami, ni utomvu wa miti, takataka zilizong'ang'ania rangi ambazo sabuni haiziwezi hata kidogo.

Dawa yake ni klei, kibonge kinachofinyangika kama unga uliokandwa. Hariri anapuliza maji yenye shampoo, anakitelezesha kile kibonge juu ya rangi, kwenda na kurudi kwa mstari, bila kukandamiza. Mwanzoni kinakwamakwama. Kikianza kuteleza kimya, ujue hapo pamelainika. Anakikunja ndani nje apate upande msafi, anasogea mbele. Na kikimdondoka chini hata mara moja, basi, anakitupa, kiwe kipya namna gani, maana kikishaokota mchanga kitachora rangi ya watu. Nilikuwa namwambia hiyo ni israfu. Ananijibu, "Wewe sindano ikipinda unashonea?"

Mimi ni fundi cherehani, na ndivyo tulivyokutana. Aliniletea ovaroli niitie mfuko. Alipokuja kuichukua akapitisha kidole kwenye mshono kwa ndani, akasimama, akasema, "Hapa pana fundo." Nikamwambia hakuna fundo. Akakishika kidole changu akakiweka pale pale. Lilikuwepo, dogo mno, na mimi fundi mzima sikuwa nimelisikia. Nilikasirika kutwa. Alipokuja tena na ovaroli nyingine isiyo na kasoro yoyote, nikajua huyu hakufuata mfuko.

Tulipooana akawa na mchezo wake. Akirudi jioni ananawa, anajifuta, halafu ananipitishia ncha za vidole shavuni, amekunja uso kama mkaguzi wa serikali. "Hm," anasema. "Huyu anahitaji klei kidogo." Namsukuma huko. Watoto wanacheka. Utani ule ule kila jioni, na mimi kila jioni najitia kuudhika, na siku akichelewa kurudi nakaa mlangoni nausubiri.

Halafu akaacha.

Anarudi, ananawa, anakaa, mikono kaiweka mapajani. Nikasema labda kachoka. Nikapita mbele yake, nikarudi, nikainama kuokota kisichoanguka, nimemtegea shavu kama bidhaa ya mnadani. Wapi! Nikabadilisha mafuta ya uso. Wapi! Wiki zikawa miezi, nikajiuliza uchovu gani huu usiokwisha. Akinishika anashika kwa kiganja kizima, kwa pupa, kama mtu anayebeba mzigo, na mara nyingi hashiki kabisa. Mwanamke akiacha kuguswa nyumbani kwake hahitaji kuwa na akili nyingi. Nikaanza kumtafuta aliyenichukulia nafasi yangu.

Wa kuniletea habari akawa wifi yangu, dada yake Hariri.

"Wifi, unanijua, mimi umbea sipendi," akaanza, na hapo nikajua umbea unaokuja ni wa kushiba. "Ila yule mama wa famasia ya njia panda, mwenye gari la bluu. Kila Ijumaa yuko pale kwa kaka. Anawekewa kiti kabisa. Na jana nimepita, kwa macho yangu haya mawili, kamshika kaka mkono."

"Kamshikaje? Anamsalimia?"

"Salamu gani wifi ya kidole kimoja kimoja?"

Damu ilinichemka. Yule mama nilikuwa namjua vizuri. Mjane, koti jeupe limenyooka pasi, kucha fupi safi, sauti ya chini ya mtu ambaye hajawahi kugombania ndoo bombani. Na nilikuwa nampenda, kusema kweli, maana mtoto akiugua hunieleza dawa polepole bila kuniona mjinga. Upendo huo uliisha palepale nilipokuwa nimekaa.

Jioni nikamuuliza mume wangu kwa upole. Upole wa kutafutia ugomvi, wanawake wenzangu mnaujua.

"Baba watoto, gari la yule mama wa famasia lina ugonjwa gani?"

"Anapaki jirani na mafundi wa mageti. Wanakata vyuma kutwa, cheche zote zinarukia rangi. Ndiyo maana kila wiki tunalipiga klei."

"Kila wiki?"

"Kila wiki," akasema, akageukia ukuta.

Sasa huyu mwanamume alisahau anazungumza na nani. Ni yeye mwenyewe aliyenifundisha kwamba klei si sabuni, kwamba rangi unaipiga klei mara chache kwa mwaka, na ukizidisha unaichosha bure. Kuna mteja aliwahi kutaka kila mwezi, akamkatalia kata kata, akaja nyumbani akanisimulia kwa majivuno. Leo kwa mjane wa koti jeupe imekuwa kila wiki! Alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikatulia nipakwe, huku natafuta pa kumshikia.

Kesho yake nikamvizia Povu dukani, anakunywa soda.

"Shemeji, niambie ukweli. Pale kuna nini?"

"Shemeji yangu, mimi naosha magurudumu. Magurudumu hayasemi."

"Wakikaa wanaongea nini?"

"Sijui. Wakiongea mimi nawasha pampu ya maji."

"Kwa nini uwashe pampu?"

Soda ikampalia. Akakohoa mpaka machozi. "Hariri kaniomba," akasema, na nikaona anatamani kuyarudisha maneno tumboni.

Mnaona? Mpaka pampu imeingizwa kwenye njama. Nikarudi kwenye cherehani yangu, nikashona gauni la watu kola nyuma mbele, nikafumua, nikashona tena vilevile. Moyo wangu wote ulikuwa kwa yule mama. Nilikuwa nauona mkono wake, kucha zake safi, na vidole vya mume wangu vikiwa humo vinasikilizwa. Vidole vyangu vile. Akipenda kuongea naye, aongee. Akipenda kuchekacheka, acheke. Lakini vidole!

Ijumaa ilipofika nilifunga kazi mapema. Sikutaka kwenda na matusi, matusi kila mtu anayo. Nilitaka ushahidi. Nikachukua mfuko wa mkate, nikaukunja, nikautia kwenye pochi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Gari linalopigwa klei kila wiki lazima liwe laini kama kioo, halina cha kusafishwa. Nitalipapasa mbele yao wote wawili, nimuulize mume wangu, haya baba, hapa unasafisha nini?

Nilipoingia uwanjani palikuwa pamejaa, Ijumaa si unajua watu wanavyotaka kung'aa. Gari la bluu limesimama kivulini, linatoa maji. Povu aliponiona akaikimbilia pampu.

"Ole wako uiwashe," nikamwambia. "Hili limeshamalizwa?"

"Limeshamalizwa, shemeji. Tangu asubuhi Hariri alikuwa nalo. Limebaki kupakwa nta tu."

Pembeni kuna kichumba cha kuwekea ndoo na matambara. Mlango ulikuwa nusu wazi. Nikawaona. Mume wangu kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso kaugeuzia ukutani. Yule mama kamwinamia, kashika kiganja chake, anakwenda kidole kimoja kimoja, polepole, kwa utulivu wake ule ule wa kueleza dawa. Mume wangu akanong'ona neno. Yule mama akatikisa kichwa, akahamia kidole kingine. Walikuwa wametulia kama watu waliozoeana.

Nilitaka kuingia na ndoo ya maji machafu. Nikajizuia, nikasema ushahidi kwanza. Nikavaa mfuko, nikapitisha mkono kwenye boneti.

Ilikwaruza.

Nikadhani nimekosea. Nikapitisha tena. Nikaenda mlangoni, nikaenda kwenye buti, nikapapasa juu ya taa. Kote chembe tupu, zinashika plastiki. Wivu una mahesabu ya haraka, na yangu yalitoka hapohapo: halijaguswa! Kumbe hakuna klei wala nini, Povu anamwagia maji lionekane limefanyiwa kazi, na wao kutwa nzima wako kwenye ndoo. Nilikuja kutafuta uongo mdogo, nimeokota mkubwa.

"Hariri!" nilipiga ukelele. "Toka humo! Toka uje uwaoneshe watu kazi uliyofanya tangu asubuhi! Hili gari halijaguswa! Njooni wenyewe mpapase, wenye magari, njooni muone mnavyochezewa!"

"Shemeji, shusha sauti, nakuomba," Povu akaniambia. Alikuwa karibu kulia, na mimi sikuelewa analilia nini.

"Sishushi! Mfuko huu hapa, na aliyenifundisha ni yeye!"

Mteja mmoja akaja, akavaa mfuko, akapapasa, akaguna. Akaja mwingine. Akaja na mwenye mahali pale, mzee mmoja mnene asiye na haraka, tunamwita Tajiri. Akapitisha mkono kwenye boneti, kisha mlangoni. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akavuka uwanja, akaenda kwenye gari jeupe lililokuwa linasubiri mwenyewe, nalo Hariri alikuwa amelimaliza jana yake. Akalipapasa. Akasimama pale na mfuko mkononi.

"Na hili pia," akasema.

Mume wangu alikuwa ameshatoka, kasimama mlangoni mwa kile kichumba. Nilitegemea anitukane. Kama angenitukana ningejua la kufanya, ninayo majibu ya kila aina. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni na mtu wa nyumbani kwake.

"Nimelisugua," akasema. "Tangu asubuhi nalisugua. Nilidhani limelainika." Akainyoosha mikono yake mbele, akaitazama. "Kwangu siku hizi kila kitu ni laini."

Yule mama akatoka nyuma yake, pini mkononi.

"Dada," akaniambia, "vidole vyake vimekufa ganzi. Ni ile mashine ya kupolishi, miaka yote inamtetemesha. Nilipapasa gari langu nikaona halijatakata, nikamuuliza. Tangu hapo nalileta kila Ijumaa ajipime kwenye gari lisilo na lawama, na mimi namgusa kwa pini tuone panaposikia. Nimemwambia aende hospitali na akwambie wewe. Kaniomba nimngoje kidogo."

"Ungoje nini?"

"Vidole virudi kwanza."

Mnaelewa nilichofanya? Alikuwa amekificha kilema chake kwa wenye magari, kwa Tajiri, kwa dada yake. Povu alikijua nusu, akakifunika na kelele za pampu. Na mimi mkewe nimekuja na mfuko wa mkate nikakimwaga uwanjani, tena nikawaita watu waje wapapase. Mwenye gari jeupe naye alishafika, anadai lirudiwe. Tajiri akaingia ndani, akalichukua boksi la klei, akaondoka nalo.

Sasa najua mnasubiri niseme kwamba hapo wivu uliniisha, nikamkumbatia, tukalia. Thubutu! Niliondoka pale na aibu yangu, na njiani wivu ukanipata upya, mbaya kuliko ule wa kwanza. Kwa sababu ingekuwa mapenzi, mapenzi nayajua, ningepigana nayo. Ningevunja sahani, ningeenda kwetu, angekuja kuniomba msamaha. Lakini mume wangu alikuwa na jambo moja kubwa moyoni, jambo la kumliza mwanamume, na alikwenda kulilia kwa mwingine. Miezi yote hiyo mimi nalala naye, napika, nafua ovaroli zake, najipaka mafuta mapya, na anayemjua ni mama wa famasia!

Tajiri hakumfukuza, nitasema ukweli. Alimtoa tu kwenye rangi, akamweka na Povu, magurudumu na mazulia ya ndani. Hospitali walimwambia mashine asiiguse tena, avipumzishe vidole, na apimwe kwa pini kila wiki. Huenda hisia ikarudi, huenda isirudi. Pale kazini bado wanamwita Hariri, na kuna wanaoita kwa kumkebehi. Anaitika.

Jumapili moja mchana, watoto wametoka, nikashindwa kuvumilia. Alikuwa anafunga kifungo cha shati, kinamkwepa. Nilitaka kumsaidia, nikaona macho yake, nikakaa.

"Kwa nini yeye?" nikamuuliza.

Hakujifanya hajui nauliza nini. "Alinigundua mwenyewe."

"Na mimi? Mimi si mkeo? Shavu langu hukuliona linakungoja?"

"Nililigusa mara ya mwisho sikusikia kitu," akasema. "Nikaona niache, kuliko kukugusa kwa uongo."

"Ungeniambia!"

"Yule akijua, anapanda gari lake anarudi kwake. Wewe ukijua, nitaamka kila siku nakuona unajua."

Kifungo kikaingia hatimaye, tundu siyo lake. Sikumwambia. Nilikuwa na hasira nyingi na huruma nyingi na sikujua nianze na ipi.

Jumatatu nikaenda famasia. Nikasubiri wateja waishe. Yule mama akanikaribisha kiti, nikakikataa.

"Nifundishe kumpima," nikamwambia. "Kuanzia wiki hii atapimwa nyumbani. Vidole vya mume wangu nitavichoma mimi."

Hakukasirika, mama yule. Ndicho kinachoniudhi kwake, hakasiriki. Akanionesha kwenye mkono wangu mwenyewe: mgonjwa atazame pembeni, uguse ncha kwa pini kidogo tu, umuulize anasikia au hasikii, uendelee na kingine.

"Utaona haina shida," akasema, kwa nia njema kabisa. "Mumeo ni mkweli sana. Hata pale panapomuuma kusema hasikii, ananiambia hasikii."

Ananiambia! Nilishukuru, nikatoka, nikamchukia mpaka nafika nyumbani.

Ijumaa alasiri nikamkalisha dirishani penye mwanga. Nikachagua pini nyembamba kwenye kopo langu la ushonaji, nikaisafisha. Akaugeuza uso ukutani bila kuambiwa, alishazoea. Nikakishika kiganja chake. Kilikuwa kizito, cha moto, na kilikuwa changu.

Nikachoma dole gumba, kidogo tu.

"Nasikia," akasema.

Moyo ukaniruka. Nikachoma kidole cha pili.

"Nasikia."

Jamani, niliona raha, na sitadanganya ilikuwa raha ya namna gani. Nilikuwa namwona yule mama na koti lake jeupe, kila Ijumaa anatikisa kichwa, hasikii, hasikii. Kwangu mimi vidole vinarudi! Nilijiona nimemshinda. Nikakishika kidole cha tatu, kile alichokuwa anakitangulizia shavuni, nikainua pini, na machozi yakanijaa machoni nikashindwa kuona ncha ilipo. Nikangoja yapungue.

"Nasikia," akasema mume wangu. "Hapo nasikia vizuri kabisa."

Pini ilikuwa bado hewani. Nilikuwa sijamgusa.